Nadhiri ya Mama, Miguu Yangu

Mei 6

Mvua zimeanza rasmi. Nimelichukua daftari langu la vipimo nikaligeuza, naandika kutokea nyuma. Mbele yamo mabega na viuno vya watoto wa shule wa Los Guabos nzima. Huku nyuma nitakaa mimi.

Mchana tulikuwa tunakunywa kahawa, mama na mimi, kama kila siku tangu baba afariki. Mama akaweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akasema, "Odilie, mwaka huu unakwenda kwa Negrita. Kwa miguu, kuanzia hapa mlangoni."

"Nani kasema?"

"Nimeshamwahidi."

"Umemwahidi nini?"

"Wewe."

Mdogo wangu Olman alianguka na pikipiki Septemba iliyopita, mguu ukavunjika mahali patatu. Mama alipiga magoti wiki nzima mbele ya picha ya Negrita, Bikira wa Cartago, na kufika Krismasi Olman alikuwa anacheza dansi. Sasa nadhiri inataka kutimizwa.

"Si aende Olman mwenyewe? Mguu ni wake."

"Olman ana duka."

"Na mimi nina cherehani."

"Cherehani haiozi. Halafu nadhiri isiyouma si nadhiri. Olman akitembea, hayo ni matembezi. Wewe na goti lako hilo, Negrita ataona kweli katolewa kitu."

Kilomita mia na ishirini, siku nne, katikati ya mvua, kupitia Cerro de la Muerte, yaani Mlima wa Mauti, na waliouita hivyo hawakuwa wanatania. Nina miaka hamsini na miwili. Goti langu la kulia limekanyaga cherehani miaka thelathini. Nikakubali. Sijui kwa nini naandika nikakubali, maana hakuniuliza.

Mei 7

Mvua tangu saa saba mchana. Sare tatu, zipu moja.

Mei 12

Xinia Badilla, jirani anayeuza kuku, amekwenda Cartago kwa miguu mara kumi na moja. Nimemwendea leo baada ya misa, nikamkuta amekamata jogoo kwa miguu, kichwa chini.

"Wewe?" Alicheka mpaka jogoo akapata nafasi ya kumponyoka. "Shoga, wewe kwenda kanisani tu unapumzika mara mbili."

"Ndiyo maana nimekuja. Nifundishe."

"Vua viatu."

Akaishika miguu yangu, akaipindua, akaitazama kama anavyotazama kuku wa kununua. "Laini kama ya askofu. Itachunika yote." Kisha akaanza kuhesabu masharti, na mimi nikimsikiliza kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Vaselini kati ya vidole kabla ya soksi. Soksi mbili, na kati yake mfuko wa plastiki. Miguu ipakwe pombe ya miwa kila jioni mpaka ngozi iwe ngumu. Viatu vya zamani tu. Mwenye viatu vipya hurudi na gari la wagonjwa. Kucha zikatwe wiki moja kabla. Na kubwa kuliko yote: mvua ikikukuta mlimani, usikae.

"Nikichoka?"

"Choka ukiwa unatembea."

Mei 19

San Isidro na kurudi. Malengelenge manne. Mama alikuwa amekaa dirishani na saa ya mkononi ya marehemu baba.

"Umetumia saa tano na nusu," akasema. "Xinia ameshafika, amepika, amekula, ameosha vyombo."

Mei 20

Siwezi kukanyaga cherehani kwa mguu wa kulia. Nimekanyaga kwa wa kushoto. Mishono imekwenda upande.

Juni 2

Tumeanza kubeba. Xinia amenitilia kilo nane za mchele kwenye shanta, akaning'inizia na chupa ya maji. Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa barabara kuu. Dereva wa lori akalisogelea dimbwi makusudi, akatuogesha, akapiga honi. Xinia akamtukana mama yake, bibi yake na yule padre aliyembatiza, kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Ukiwa mhujaji unaruhusiwa matusi?" nikamuuliza.

"Yanapasha mwili moto."

Juni 9

Leo kuna jambo nimeligundua, naliandika kwa sauti ndogo. Sijawahi kuwa mbali na sauti ya mama kwa saa sita mfululizo, isipokuwa nikiwa nimelala. Tulipofika kwenye miinuko ya juu, ukungu ukafunga, sikuona hata mkono wangu, na nilikuwa na raha ambayo sikujua niifanyie nini. Nikaimba. Xinia akasema ng'ombe wameacha kutoa maziwa.

Juni 11

Olman amepita kuchukua maandazi ya mama. "Dada, ukifika mpe Negrita salamu zangu." Anatembea vizuri kabisa, hata ngazi anaruka mbili mbili.

Juni 16

Ukucha wa kidole gumba umetoka. Nimemwonyesha mama, nadhani nilitaka anionee huruma.

"Vizuri," akasema. "Negrita ameanza kupokea."

Juni 23

Kwetu hapa, aliyeponywa haendi mikono mitupu. Hupeleka kimedali cha kile alichoponywa: mguu wa fedha kwa mguu, jicho kwa jicho, moyo kwa moyo. Leo mama amenipa kifuko cha kitambaa, kimeshonwa pande zote, hakizidi ukubwa wa kiberiti. Olman alimnunulia medali hiyo Cartago.

"Kishonee ndani ya sidiria, kisipotee. Wala usikifungue."

Ningekishona hivyo hivyo, naapa. Lakini mshono wake ulikuwa umepinda, nyuzi zinachungulia, na mimi ni fundi. Nikaufumua ili niushone upya.

Si mguu. Ni kijumba. Mlango, dirisha moja, paa.

Juni 24

Nitaandika yote, mvua ikitaka ikeshe.

Asubuhi nilimwekea mama kile kijumba kando ya sahani yake ya wali na maharage. Hakushtuka. Akakisukuma kwa kidole ili apate nafasi ya kikombe.

"Nilikwambia usifungue."

"Mama, huu si mguu."

"Mguu wa Olman umeunganishwa na madaktari, kwa vyuma. Nani atamsumbua Negrita kwa kazi ya madaktari?"

"Basi hii nyumba ni ya nini?"

"Ni nyumba hii hii. Nilimwomba usitoke."

Sikuelewa, au nilielewa nikataka niendelee kutoelewa. Mwaka jana kulikuwa na Eladio Barrantes. Mgane, ana miaka hamsini na minane, anabeba kabichi kwa lori. Alikuja kukunjiwa suruali, akarudi kukunjiwa suruali ile ile, na mara ya tatu nikamwambia, "Don Eladio, ikikunjwa tena itakuwa kaptura." Akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na kipande cha shamba Guápiles na nyumba yenye veranda. Alinitaka twende. Nilikuwa nimeanza kukata mapazia. Oktoba hakuja, Novemba hakuja, simu haikupokelewa, na Januari nikasikia ameoa mwanamke wa Siquirres. Nikajiambia ni umri wangu. Nikajiambia ni meno yangu. Miezi yote hii najitazama kwenye kioo cha kujaribia nguo, natafuta alichokiona kikamkimbiza.

"Nilimwomba Negrita," mama akasema, "na mwezi haukwisha, yule mzee wa kabichi asionekane tena."

"Bikira alimfanya nini?"

"Nilimsaidia kidogo." Akachovya mkate kwenye kahawa. "Siku ile uliyokwenda mjini kununua uzi. Alikuja, nikamkaribisha, nikampa kahawa. Nikamwambia unamwonea huruma tu. Kwamba umeniambia mwenyewe, ukimwona anavyokula unataka kutapika, ila moyo wako mwepesi hujui kumkatalia."

"Sikusema hivyo! Sijawahi kusema hivyo!"

"Yeye angejuaje?"

Nikauliza swali la kipuuzi, lakini ndilo lililonijia. "Alimaliza kahawa?"

"Alimaliza. Akaosha na kikombe."

Hilo la kikombe ndilo lililonivunja. Nilimwona amesimama kwenye karo langu, na mikono yake mikubwa, anaosha kikombe cha mwanamke aliyemwua kwa maneno. Nililia mbele ya mama kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba, naye akaningoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipungue.

"Ungekwenda Guápiles," akasema, "mimi ningebaki na nani? Mke wa Olman? Yule anayechemsha maharage bila chumvi?"

"Na sasa unataka nitembee siku nne, nipande ule mlima, nikamshukuru kwa hilo?"

"Nadhiri ni nadhiri. Nikifa haijatimizwa, nitakuwa natembea juu ya bati hili kila mvua ikinyesha."

"Nitajuaje kama ni wewe au ni mvua?"

"Utajua tu," akasema mama.

Juni 25

Sikusema neno.

Juni 26

Sikusema neno. Mvua ilisema kwa niaba yangu.

Juni 27

Mama amesema supu ina chumvi nyingi. Sikusema neno.

Juni 30

Nimemwambia Xinia yote, tukiwa njiani, ili asiuone uso wangu. Alipiga teke kila jiwe la njia kwa kilomita nzima.

"Basi usiende," akasema mwishoni. "Kaa nyumbani, umwache ahangaike."

"Nakwenda."

"Una wazimu?"

"Nina maneno na yule Bikira. Nitamwambia usoni. Nyumba yake hii nitamrudishia, na nitamwambia alichokifanya si kitendo cha mtu anayeitwa mama."

"Utamgombeza Negrita? Mbele ya watu?"

"Polepole. Sitapiga kelele."

Xinia akajifanyia ishara ya msalaba mara mbili, moja yake, moja yangu.

Julai 3

Nimeanza kumpa mama kahawa ya vuguvugu. "Samahani mama, kuni zimelowa." Kuni ni kavu. Sikujua kama nina roho hii, na sikujua kama ina utamu.

Julai 5

Vuguvugu.

Julai 7

Saa saba za kutembea. Miguu sasa ni migumu kama kandambili. Mama ameniita kutoka dirishani mbele ya majirani wakitoka misa, "Unachechemea! Negrita hajaomba kilema!" Watu wakacheka. Xinia naye alicheka, kisha akaniomba radhi.

Julai 14

Nusu ya njia ya kwenda La División na kurudi, ndilo jaribio la mwisho. Maporomoko ya udongo yamefunga upande mmoja wa barabara, magari yamepangana, na sisi tukapita kando yake tukilowa hadi kwenye mifupa. Wakati wa kurudi goti lilifura nikashindwa kulikunja. Olman akatokea na gari, katumwa na mama. Hakutumwa anibebe. Katumwa aone kama kweli natembea.

Alifungua kioo, akaendesha taratibu sambamba nami.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Habari ya Eladio?"

"Dada, sote tulijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje? Ungeondoka, mama angehamia kwangu." Alisema hivyo bila kuona haya, mikono iko kwenye usukani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akapandisha kioo kwa sababu mvua ilikuwa inamwingilia.

Julai 21

Nimekata kucha. Nimeshona mfuko wa ndani wa koti la mvua, mishono miwili, na vifungo visivyoshika kutu. Ndiyo nguo bora kabisa niliyowahi kushona, na nimejishonea mimi.

Julai 28

Shanta: soksi jozi sita, plastiki kumi na mbili, vaselini, poda ya mtoto, pombe ya miwa, tamale nane za unga wa mahindi, sukari guru, tochi, daftari hili ndani ya mfuko wa mchele. Kijumba kiko kifuani.

Mama amenibariki. Alinitia mkono kichwani, akasali Salamu Maria nzima, na mkono wake ulikuwa mwepesi na wa moto, nikakumbuka homa za utotoni. Kwa dakika moja nilimpenda. Kisha akasema, "Usipande basi ukadhani sitajua."

Julai 29, La División

Tumefika kabla ya giza. Watu mia tatu katika ukumbi wa parokia, harufu ya miguu kama jibini. Goti linauma lakini linatii.

Julai 31, El Empalme

Jana sikuweza kuandika. Vidole havikukunjika kushika kalamu.

Tuliondoka La División alfajiri, mbingu safi, Xinia akisema tuna bahati. Saa nne asubuhi bahati ikaisha. Ukungu ulishuka kwanza, halafu mvua, halafu upepo ulioifanya mvua itoke ubavuni. Huko juu hakuna miti ya kujikinga, kuna vichaka tu na mianzi mifupi, na malori yanatokea kwenye weupe yakiwa yameshakufikia. Watu wa mbele hatukuwaona tena. Xinia alikuwa hatua kumi mbele yangu, koti lake jekundu, nami nilikuwa nalifuata lile koti tu, sina kingine duniani.

Nilianza kutetemeka. Nilitetemeka mpaka nikajing'ata ulimi. Halafu kutetemeka kukakoma, nikashukuru. Nikaona joto limekuja. Ilinijia wazi kabisa kwamba niko Guápiles, kwenye veranda, na kwamba nimevaa nguo nyingi kwa hali ya kule. Nikakaa kwenye mtaro wa barabara. Nikafungua vifungo vyangu, kimoja kimoja, vile visivyoshika kutu.

Kofi la kwanza sikulisikia. La pili nililisikia.

"Simama! Odilie! Simama, mbwa wewe!" Xinia alikuwa ananifunga koti kwa meno, mikono yake nayo haikunjiki. "Utanifia hapa, nikamwambie nini mama yako?"

Aliposema mama yako, nikarudi. Nikaona mvua ni mvua na mtaro ni mtaro, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nilikuwa nakufa kwenye shimo la maji machafu, nimebeba shukrani ya kuharibiwa maisha yangu. Nikapiga kelele. Xinia anasema sauti yangu ilishinda ya lori.

"Negrita! Nifikishe chini nikiwa hai, na mama yangu atakuja kwako mwakani! Kwa miguu yake! Kutoka mlangoni!"

Sikuyapanga. Yalitoka yenyewe, tayari yameshonwa. Xinia aliacha kunifunga, akanitazama.

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia. Sasa kuna shahidi." Akanishika kwapani, akaninyanyua. "Haya. Twende ukatimiziwe."

Dereva mmoja wa lori la maziwa alisimama, akatupa maji ya moto ya sukari guru kutoka kwenye chupa yake. Alitaka kutupandisha. Xinia akakataa. Mimi nisingekataa. Tukatembea, ukungu ukabaki nyuma, na jioni nilikuwa kando ya jiko la watu nisiowajua, hai, vidole vinaniuma vyote kumi.

Leo nzima tumeshuka. Kila nikimfikiria mama namwona mbele ya picha yake ya Bikira, anatoa ahadi ile. Nilidhani aliikalia akaipanga. Huenda nayo ilimtoka tu, kwa hofu. Wazo hili silipendi, nimelifukuza na limerudi.

Agosti 1, Cartago

Tumefika saa tisa alasiri, mvua tele, uwanja wa basilika umejaa watu kama mchele kwenye gunia. Ndani, njia ya katikati unaipita kwa magoti. Goti langu nililipeleka kama mzoga, nikilikokota. Maneno yangu niliyakariri tangu Juni, neno kwa neno, nilikuwa nayajua kuliko Baba Yetu. Msukumo wa watu ukanifikisha mbele. Negrita mwenyewe ni mdogo mno, kiganja tu cha jiwe jeusi, ndani ya dhahabu yote ile. Mlinzi akasema, "Sogea mama, sogea." Nikaweka kijumba kwenye sanduku. Nikafungua mdomo.

Nikasema asante.

Asante! Ndilo neno pekee lililotoka. Miaka hamsini na miwili ya adabu. Nimepanda Mlima wa Mauti, nimemtazama usoni, nikamshukuru kwa kunifukuzia Eladio, kisha nikasogea.

Nilitoka natetemeka kwa hasira kuliko nilivyotetemeka kwa baridi. Uwanjani mapadre walikuwa wanaungamisha chini ya maturubai. Nikapanga foleni. Padre wangu alikuwa kijana, suruali imejaa tope mpaka magotini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwambia yote: Eladio, kijumba, kahawa ya vuguvugu, mtaro, na nadhiri niliyoitoa.

"Mama mzazi ana miaka mingapi?"

"Sabini na tisa. Miguu imevimba."

"Dada yangu," akasema, "nadhiri humfunga aliyeitoa peke yake. Huwezi kuahidi miguu ya mtu mwingine. Mama yako hana anachopaswa kutimiza. Nenda na amani, kasali rozari moja kwa ajili yake."

"Kwa hiyo na mimi sikupaswa?"

Aliona alikofikishwa. Akajikuna shingo. "Na wewe hukupaswa."

"Hata hatua moja?"

"Hakuna sala inayopotea, dada."

"Sikusali, baba. Nilitukana njia nzima."

Akacheka, maskini, kwa uchovu, akaniondolea dhambi. Xinia aliniuliza mbona nimekaa sana. Nikamwambia nilikuwa na nyingi.

Agosti 2

Basi. Saa tatu tu garini, njia ile tuliyoitembea kwa siku nne. Nimelala njia nzima.

Agosti 3

Nilikuwa sijaamua. Naapa hapa, kwenye daftari langu mwenyewe, kwamba nilipoingia mlangoni jana nilikuwa sijaamua. Mama alinitazama miguu kwanza, ndipo uso.

"Umekiweka?"

"Nimekiweka."

"Vizuri. Kahawa iko wapi? Siku tano nakunywa maji ya mke wa Olman."

Hakuuliza kingine. Nikabandika kahawa. Niliibandika ya moto, andika hilo, Odilie. Ndipo Xinia akaingia na kuku wa zawadi, akamwelekea mama, amejaa maneno kama kawaida yake.

"Bi Hortensia! Nasikia mwakani tuko pamoja!"

"Pamoja wapi?"

Akamweleza. Mtaro, makofi, veranda, ile sauti iliyoshinda ya lori. Alieleza vizuri, kwa mikono na macho, na alipofika kwenye maneno yangu akasimama wima kuyasema. Mama aliacha kutafuna. Sijawahi kumwona mama akitafuta pa kushika mezani.

"Kweli?" akaniuliza.

"Kweli."

"Ukafika hai."

"Kama unavyoniona."

Sentensi moja ya yule padre ilikuwa ulimini mwangu. Ilikuwa na uzito wa kidonge. Xinia alikuwa anamwangalia mama, mama alikuwa ananiangalia mimi, kahawa ikafurika jikoni, nikaenda kuizima.

Niliporudi mama alikuwa ameshika goti lake, analibonyeza bonyeza. Akamgeukia Xinia, akauliza kwa sauti ndogo nisiyoijua, "Huko mlimani watu wanakojoa wapi?"

Agosti 6

Mvua. Mama ameuzunguka uwanja wa kuanikia kahawa mara moja, na fimbo.

Agosti 7

Mara moja.

Agosti 9

Mara mbili. Alianguka mara ya pili, akaamka mwenyewe.

Agosti 11

Olman amekuja anafoka. "Mwambie aache! Atakufa huyu kabla ya Krismasi!"

"Si mimi niliyemfundisha nadhiri."

"Nenda kamwone padre, wana njia zao hao."

"Wewe tembea badala yake, Olman. Mguu wako umepona."

Akaondoka bila maandazi.

Agosti 14

Nimemwona akijipaka pombe ya miwa miguuni, mgongo umepinda, hafikii visigino. Nimempaka mimi. Ngozi yake ni kama karatasi ya patroni ya kukatia nguo, iliyokunjwa mara nyingi. Amesema, "Una mkono mzuri, Odilie. Sikuwahi kukwambia." Nimekwenda chumbani, nimekaa kitandani muda mrefu. Nikasema kesho nitamwambia.

Agosti 15

Leo ameniuliza mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa kahawa. Aliweka kikombe chini, akapangusa mdomo.

"Kule Cartago uliungama?"

"Niliungama."

"Ulimwambia padre habari ya nadhiri yangu hii?"

"Nilimwambia."

Akavuta pumzi. Alikuwa anatumaini, mama yangu. Lilionekana wazi usoni pake, tumaini kama la msichana, na nikajua kwamba ndiyo sura niliyokuwa nayo mimi Oktoba ile, kila lori lilipopunguza mwendo kwenye kona.

"Akasemaje?"

"Amesema uanze mapema," nikamwambia, "kwa umri wako."

Mama akatikisa kichwa polepole, akakubali. Akauliza kama ninaweza kumwazima koti langu la mvua. Nikamvalisha, nikamfunga vifungo, mikono ikamzidi nikamkunjia. Akachukua fimbo, akatoka uwanjani, na mimi nikaosha vikombe.